Wembe Mkononi mwa Kishindo

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Kishindo, na aliyewahi kumsikia akirudi nyumbani jioni hakuuliza kwa nini. Geti lilibamizwa, ndoo ikatua sakafuni kama imeanguka kutoka darini, mlango nao ukaitikia, kisha viatu vikapigwa chini, kimoja halafu cha pili. Mpangaji wa chumba cha jirani alizoea kusema, "Shemeji kafika," bila hata kuondoa macho kwenye runinga. Wala hakuwa mwanamke wa hasira. Ndivyo mikono yake ilivyozoea kugusa vitu.

Alikuwa na mifupa mipana na mabega ya mpagazi, na alifanya kazi ya udobi katika hospitali kubwa, chini kabisa ya jengo, ambako mashine zilinguruma kutwa na joto lilimtoa mtu jasho kabla hajamaliza kufunga aproni. Huko chini uzito ulikuwa heshima. Blanketi likishalowa maji halibembelezwi. Linavutwa, linapigwa, linarushwa kwenye kikamulio. Wenzake walilishika wawili wawili, mmoja huku na mwingine kule. Yeye alilitoa peke yake. Msimamizi wao alisema siku Kishindo akiugua, hospitali nzima italala bila mashuka.

Nyumbani heshima hiyo haikumfuata. Vikombe vya udongo havikudumu kwake. Glasi walizozawadiwa siku ya harusi ziliisha kabla mwaka wa kwanza wa ndoa haujaisha, na mumewe, baada ya kuokota vipande vya ile ya mwisho, alikwenda sokoni akarudi na sahani za bati na vikombe vya bati. Akavipanga kabatini, akafuta mikono, akasema, "Sasa tumeelewana."

Mumewe alikuwa kinyozi, na Kishindo hakuwahi kumwita jina lingine ila Fundi. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu, mtu wa kutembea kana kwamba amebeba trei ya mayai. Alinyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, kazi ambayo vinyozi wenzake wengi walikuwa wameshaikimbia wakahamia kwenye mashine. Watu walisinzia mkononi mwake, wakaamka wamenyolewa.

Walikutana hospitalini. Fundi alikuwa ameitwa kumnyoa mgonjwa aliyesubiri kupasuliwa shingo, na Kishindo akaingia wodini na toroli la mashuka, akaligonga kwenye kitanda cha chuma kwa mlio ulioamsha watu mpaka wodi ya pili. Wembe ulikuwa kooni mwa mgonjwa. Haukutikisika. Fundi alimaliza mstari aliokuwa nao, akaufuta wembe kwenye taulo, ndipo akageuka.

"Dada," alisema taratibu, "leo ulitaka nikalale polisi?"

Kishindo alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini alipopita tena na mashuka machafu, yule kinyozi alikuwa bado amesimama mlangoni, mkoba ameshaufunga, anamngoja yeye.

Basi mtaa ukapata cha kuzungumza. Fundi alikuwa mwepesi wa kila kitu: wa mkono, wa kucheka, wa kusamehe, na mara nyingine wa kutoa neno kabla hajalionja. Kishindo alikuwa mzito wa kusema. Akiudhika alinyamaza, na kimya chake kilikuwa kitu pekee alichokifanya bila kelele. Watoto hawakujaaliwa. Hilo nalo kila mmoja alilibeba kwa namna yake, Fundi kwa utani, Kishindo kwa kulifungia ndani.

Mmoja wa wateja wa kudumu wa saluni alikuwa mwalimu mstaafu, mtu aliyependa kuwatega wenzake kwa maneno. Mchana mmoja Kishindo alipitia kumletea mumewe chakula, akawakuta katikati ya ubishi. Mwalimu alikuwa ameuliza kinyume cha neno 'zito'.

"Jepesi," alisema muuza magazeti aliyekuwa akisubiri zamu yake. "Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

"Haya. Mzigo mzito, mzigo mwepesi. Uji mzito, uji mwepesi. Na sauti nzito?"

Muuza magazeti akafikiri. "Sauti nyembamba."

"Umeona? Wepesi umeshatuacha njiani. Na mkono mzito?"

"Mkono mwepesi."

"Mkono mwepesi ni wa mwizi," alisema mwalimu.

"Na wa kinyozi," Fundi akadakia, na watu wakacheka.

Muuza magazeti akajaribu laini, akajaribu stadi, mwalimu akayakataa yote kwa kutikisa kichwa kilichokuwa kimenyolewa nusu. Ndipo Fundi alipomwona mkewe amesimama na chombo cha chakula.

"Mnajisumbua bure," alisema. "Zito lenyewe lile pale mlangoni. Kinyume chake mkikipata, niambieni nikakipose."

Saluni nzima iliangua kicheko. Kishindo naye alicheka. Akaweka chombo mezani kwa mlio wake wa siku zote, jambo lililozidisha vicheko, akaaga, akarudi kazini. Njiani hakuwa akicheka. Neno lile lilimkaa kama mwiba usioonekana, ule ambao mguu unaujua lakini jicho halilioni tundu lake. Hakumwambia mumewe, wala mumewe hakukumbuka kwamba alisema chochote.

Kiharusi kilimkuta Fundi kazini mwaka uliofuata. Mteja aliyekuwa kitini, dereva wa lori, alikuja kusimulia mwenyewe wodini. Alihisi wembe umesita chini ya sikio, akafumbua macho, akaona kwenye kioo uso wa Fundi umeshuka upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa unamfia hapo hapo. Fundi aliudaka kwa mkono wa kushoto, akauvuta mbali na shingo ya mteja, wembe ukaanguka sakafuni, na yeye akaufuata.

"Hakunikwaruza," dereva alisema, akijipapasa shingo kana kwamba bado haamini. "Shemeji, hata alama."

Kishindo alikuwa ameitwa kutoka chini na kupanda ngazi na aproni yake mbichi. Alimkuta mumewe amelazwa kwenye shuka alilolifua yeye mwenyewe, na mkono ule uliosinzisha watu umewekwa juu ya tumbo lake kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa hapo.

Aliporudishwa nyumbani, upande wote wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na ulimi umekuwa mzito. Neno moja lilimgharimu kama mtu anayepandisha pipa mlimani. Ndipo alipofika wifi.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mjane, fundi cherehani wa magauni ya maharusi, mwenye vidole vile vile vya familia. Alipachika shanga kwenye hariri na hariri isijue. Aliingia na mkoba mmoja, akavua viatu, akatazama sahani za bati, akatazama kitanda, na kufika jioni nyumba ilikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyemlisha kaka yake, aliyemfuta, aliyempaka mafuta mgongoni ili asipate vidonda vya kulalia. Kishindo aliitwa palipohitajika nguvu. "Wifi, njoo unyanyue." Alikuja, akamnyanyua mumewe kama mtoto, akamgeuza, akamlaza, kisha akaambiwa, "Asante, wifi, hapo panatosha," na kutoka akatoka.

Haikusemwa kwa ubaya. Hilo ndilo lililouma zaidi. Ilisemwa kama mtu anavyomwambia jirani mwenye viatu vya matope abaki barazani.

Jambo moja tu lilimshinda wifi. Ndevu za Fundi ziliota. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kutoka nje bila kunyoa, sasa alifanana na mfungwa. Wifi alikuja na beseni na wembe, Fundi akafunika kidevu kwa mkono wa kushoto. Akaitwa kinyozi wa mtaa wa pili, rafiki wa miaka mingi. Alipoingia tu, Fundi aligeukia ukutani, na rafiki yake akakaa kidogo kitandani, akampapasa bega, akaondoka na mkoba wake bila kuufungua. Alielewa. Fundi hataki fundi mwenzake amwone hivyo.

"Sasa unataka nani?" wifi aliuliza, machozi yakiwa karibu.

Fundi alihangaika na mdomo wake. Mwishowe akainua kidole cha mkono mzima, akakielekeza mlangoni, ambako Kishindo alikuwa amesimama na shuka safi kifuani.

"Yeye."

"Huyo?" wifi alisema. "Atakuchinja, kaka yangu."

"Kweli," alisema Kishindo. "Nitakuchinja."

Lakini kidole hakikushuka.

Alianza kujifunza kwenye puto, kama vinyozi wanavyojifunza. Unalipuliza, unalipaka povu la sabuni, unaliondoa povu kwa wembe bila kulipasua. Aliyapeleka maputo kazini, akawa anafanya mazoezi saa ya chakula, nyuma ya rundo la mablanketi. Madobi wenzake wakahesabu mipasuko kwa raha zao, na mmoja akasema bora Fundi aachwe na ndevu zake awe nabii. Kishindo akafuta povu lililomrukia usoni. Alipuliza lingine.

Jioni alikaa kitandani mbele ya mumewe na puto magotini, na mumewe akamfundisha. Mwalimu asiye na ulimi na mwanafunzi asiye na mkono, ndivyo Kishindo alivyojisemea. Fundi alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akakitikisa mpaka kilegee. Kikikaza, akakitikisa tena.

"Una... kaba," alisema.

"Nikiuachia utaanguka."

"Hau... anguki." Akapumzika, akakusanya nguvu. "Wembe una... uzito wake. U-usiongeze... wako."

Kishindo aliutazama ule wembe uliolala kiganjani mwake. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa apunguze, atulize, aangalie. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba kitu kinaweza kuachwa kifanye kazi kwa uzito wake wenyewe, na mkono ukawa ni wa kukisindikiza tu. Siku hiyo puto halikupasuka. La pili lilipasuka, lakini la kwanza halikupasuka.

Alipomnyoa mumewe mara ya kwanza ilikuwa asubuhi ya siku yake ya mapumziko, dirisha limefunguliwa wazi. Shavu la kushoto lilikwenda vizuri. La kulia, lile lililokufa ganzi, ngozi yake ilikuwa imelegea na haikujikaza kama ya mtu mzima wa viungo, na wembe ukaingia. Damu ikachirizika kwenye povu. Fundi hakuisikia. Wifi ndiye aliyeiona, akavuka chumba kwa hatua moja, akaukamata mkono wa Kishindo.

"Basi. Inatosha. Umeshavunja kila kilichomo humu ndani, sasa umefika kwake." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Hebu niambie leo, wifi. Tangu siku uliyoolewa kwetu, kwa nini unapiga vitu hivyo? Milango, ndoo, kila kitu. Tulikukosea nini?"

Kishindo aliuweka wembe kwenye beseni. Akachukua pamba, akaibana kwenye kidonda, akaishikilia hapo, na akajibu akiwa bado anakitazama kile kidonda.

"Mimi nililelewa na bibi. Masikio yake yalikufa kabla sijazaliwa. Ukimjia kimyakimya ukamgusa, alishtuka, na akishashtuka alitetemeka mpaka jioni. Basi nikafundishwa kukanyaga kwa nguvu. Kubamiza mlango. Ndoo niitue kwa kishindo, ili sakafu imwambie kwamba nakuja. Nikisahau nikapita taratibu, nilichapwa. Nimekaa naye mpaka amekufa. Nilipotoka pale nilikuwa msichana mkubwa, mwili umeshazoea."

Wifi aliuachia mkono wake. "Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza."

Kitandani, Fundi alikuwa akimtazama mkewe, povu upande mmoja wa uso, jicho lile la kulia lisilofunga vizuri limejaa maji. Miaka yote ile ya ndoa alikuwa ametania vikombe, ametania milango. Mtu mwepesi hupita juu ya mambo.

"Si... kuuliza," alisema.

"Hukuuliza," alikubali Kishindo. Akaiondoa pamba, akaona damu imesimama. Akauchukua tena wembe. Wifi, bila kuambiwa, akanyoosha vidole vyake viwili, akaivuta ngozi ya shavu lile lililolegea mpaka ikakaza, na Kishindo akamaliza.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika, ingawa si kwa mkupuo. Kishindo aliendelea kubamiza geti. Vijiko viliendelea kulia. Lakini mbele ya uso wa mumewe mikono yake ilikuwa mingine, na baada ya kunyoa ilihamia kwenye kulisha, kisha kwenye kupaka mafuta, na wifi akajikuta siku moja amekaa barazani anapachika shanga kwenye gauni la mtu, kwa sababu ndani hakuna kilichomsubiri.

Tena kukatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: Kishindo alianza kuongea. Mtu anayenyolewa hawezi kujibu, na huenda ndicho kilichomfungua kinywa. Alimsimulia Fundi habari za chini ya hospitali, mashine iliyoharibika, msimamizi na kikohozi chake cha uongo. Alimsimulia habari za bibi. Asubuhi moja, akiwa amefika kwenye koo, alimsimulia ile siku ya saluni. Mwalimu, muuza magazeti, chombo cha chakula. Hakulaumu. Alisimulia tu, neno kwa neno, kama alivyolihifadhi.

Fundi alianza kuhangaisha mdomo. "Ni... nili—"

"Nyamaza. Wembe uko kooni."

Akanyamaza. Alipofutwa povu akajaribu tena, na ilimchukua muda mrefu, na Kishindo alimngoja bila kummalizia maneno kama watu wengi walivyozoea kumfanyia.

"Nili... onyesha ujanja... kwa watu," alisema. "Nisamehe... mama."

Hakuwa amewahi kumwita mama. Kishindo aliukunja wembe, akaenda kumwaga maji ya beseni uani, na huko alikaa kwenye jiwe la kufulia mpaka beseni likakauka kwa jua.

Waliishi hivyo zaidi ya mwaka. Wifi alirudi kwake, akawa anakuja na kuondoka. Fundi aliweza kukaa, kisha kusimama akishikilia kiti, na Jumapili alitolewa barazani, kidevu kinang'aa, watu wakampitia kumsalimia. Mwalimu mstaafu alikuja mara nyingi. Alikuwa mtu wa kwanza kumwomba Kishindo amnyoe na yeye, na Kishindo alimnyoa, na mwalimu hakuwa na neno la kutega.

Kiharusi cha pili hakikutoa nafasi. Fundi alipelekwa hospitali asubuhi na mchana alikuwa ameshafariki, ghorofa mbili juu ya mashine za mkewe.

Siku ya kumchukua, Kishindo na wifi waliomba kumweka sawa wenyewe, na mhudumu wa chumba cha maiti akawaruhusu. Ndevu zilikuwa zimeota kidogo. Kishindo alikoroga povu, akampaka vizuri, pembe zote. Akaufungua wembe. Na mkono ukakataa. Aliuinua mara mbili, na mara zote mbili akaushusha kabla wembe haujagusa povu.

"Siwezi, wifi."

"Mimi nitamkata."

"Hutamkata. Pita upande huu."

Kishindo akakishika kichwa cha mumewe kwa viganja vyake vyote viwili, akakitulizia kifuani mwake. Wifi alishika wembe kama mtu aliyeshika yai la ndege. Kishindo akawa anamwelekeza kwa sauti ndogo. "Hapo chini ya kidevu ndevu zinaelekea kushoto. Zifuate tu. Hapa kuna kovu, mimi ndiye niliyemkata, lipitie pembeni." Wifi alinyoa huku analia, na machozi yalidondoka kwenye povu, na hakuacha alama hata moja.

Baada ya maziko watu walikaa, wakala, wakaondoka. Saluni ilichukuliwa na fundi simu. Kishindo alirudi kwa mablanketi yake, na kila baada ya siku chache muuguzi wa wodini hutuma mtu chini kumuita, kwa ajili ya mgonjwa asiye na ndugu wa kumnyoa. Hupanda, hunyoa, hushuka.

Wifi alipofunga mkoba wake ili arudi kwake, Kishindo alikuwa akiosha sahani. Hakugeuka.

"Chumba kile cha Fundi kina mwanga mzuri wa kushonea," alisema.

Wifi aliuangalia mkoba. "Nikae mpaka lini?"

"Mimi nitajuaje? Kaa."

Wiki iliyofuata cherehani yake ililetwa kwa mkokoteni, cherehani ya zamani yenye meza ya chuma. Vijana wawili waliokuwa wakisukuma walianza kubishana ni nani ashike upande gani. Kishindo alitoka, akawaambia wapishe njia, akaikumbatia, akaibeba ndani peke yake, na akaitua chini ya dirisha pale wifi alipoonyesha.